Miaka Mitano ya Kwanza ya Mbunge wa Iramba Magharibi

Mwezi wa Novemba mwaka 2010 mkoa wa Singida ulipeleka Dodoma wabunge wanane wa majimbo, saba wa Chama Cha Mapinduzi (CCM) na mmoja wa CHADEMA, na miongoni mwa waliokula kiapo kwa mara ya kwanza walikuwamo wawili ambao habari zao, tangu siku hiyo hadi leo, haziwezi kusimuliwa kwa insafu, moja bila ya nyingine. Wa kwanza alikuwa Mwigulu Lameck Nchemba, mchumi kijana wa umri wa miaka 35 aliyetoka Benki Kuu ya Tanzania, mbunge wa Iramba Magharibi. Wa pili alikuwa Tundu Antiphas Lissu, wakili aliyekwisha kujulikana kwa kesi za ardhi, mazingira na madini, mbunge wa Singida Mashariki. Miaka 15 baadaye, mwezi ule ule wa Novemba, Bunge lilimthibitisha wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa Jamhuri ya Muungano, ilhali wa pili alikuwa mahabusu akikabiliwa na shtaka la uhaini alilosomewa Aprili 2025. Sikusudii kuihukumu kesi iliyo mikononi mwa mahakama, wala kuupima uwaziri mkuu ambao bado ni mchanga. Nakusudia kuwarejesha wasomaji katika ile miaka mitano ya 2010 hadi 2015, kwa kuwa naamini mwanasiasa wa kihafidhina hupata umbo lake katika muhula wa kwanza, na naamini vilevile kwamba Katiba yetu, kwa namna ilivyoandikwa, humtoa katika kazi ya ubunge kabla hajapata kuwa mbunge.

Kwetu hakuna mtu asimamaye jukwaani akajiita mhafidhina. Chama Cha Mapinduzi hata leo kinaandika katika katiba yake kwamba imani yake ni Ujamaa na Kujitegemea, na vyama vingine navyo vina majina na itikadi zao, walakini mwanasiasa hujulikana kwa anayoyalinda kuliko kwa anayoyatangaza. Mhafidhina, kama nimwelewavyo mimi, ni yule aaminiye ya kuwa mambo tuliyoyakuta, kama vile Muungano, amani, taratibu za dola, staha mbele ya wakubwa na mazoea ya kukaa pamoja, yamebeba hekima ambayo kizazi kimoja hakina haki ya kuitapanya kwa pupa, na kwamba mwenye kutaka mabadiliko ndiye alazimikaye kuleta ushahidi. Huo ni msimamo wenye heshima, nami katika mambo mengi naushiriki. Kwa kipimo hicho mbunge wa Iramba Magharibi alikuwa mhafidhina tangu siku ya kwanza: alisimama upande wa dola iliyopo, upande wa muundo wa serikali mbili, upande wa chama ambacho, kwa kuirithi TANU, kimeshika madaraka tangu uhuru, na ile skafu ya rangi za bendera ya taifa aliyozoea kuivaa shingoni ilisema waziwazi, hata kabla hajafungua kinywa, anajiona mlinzi wa kitu gani.

Siasa ya namna hiyo ina nasaba ndefu katika mabaraza yetu. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926 bila ya Mwafrika hata mmoja, na lilipokuja kuwapokea Waafrika wa kwanza mwaka 1945, serikali ya kikoloni iliwaita machifu wawili, Kidaha Makwaia wa Usukuma na Abdiel Shangali wa Uchagani, watu wa busara na wa jadi, walioingia katika baraza lile kwa uteuzi wa Gavana na kukaa humo kwa ridhaa yake. Mwenye kukalia kiti kwa ridhaa ya mkubwa, hata akiwa mwadilifu kiasi gani, hana budi kuyapima maneno yake kwa mizani ya huyo mkubwa. Uhuru ulibadilisha aliyekuwa akitoa ridhaa, ila haja ya ridhaa yenyewe ilibaki. Tulipoingia katika mfumo wa chama kimoja mwaka 1965, mpiga kura alipewa alama mbili, jembe na nyumba, achague baina ya wagombea wawili wa TANU. Na mwaka 1968 Halmashauri Kuu ya TANU ilipowafukuza uanachama wabunge kadhaa, Joseph Kasella Bantu akiwa mmoja wao, viti vyao vilikwenda pamoja na kadi zao. Mwaka 1992 tukarudisha vyama vingi, lakini fundo lile hatukulifungua. Ibara ya 67 ya Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa, tena aliyependekezwa nacho, na ibara ya 71 inamwondoa katika kiti mara akomapo kuwa mwanachama wa chama hicho. Kijana wa Iramba aliyekula kiapo mwaka 2010 aliurithi ubunge wa namna hiyo, akaupokea jinsi alivyoukuta.

Yafaa kuitazama nchi iliyomtuma. Barabara itokayo Singida mjini kwenda Nzega hupita Misigiri, ambako njia ya Kiomboi huchepuka, kisha huuteremka mlima Sekenke kwa kona zake kali, malori yakishuka kwa gia ndogo na mataniboi wakichungulia magurudumu, hata kufika Shelui na mbuga pana za Wembere. Huko Sekenke Wajerumani walichimba dhahabu mwanzoni mwa karne ya 20, wakaondoka. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walikuja baadaye, na katika nchi ya Wanyiramba shule na hospitali zikaota mahali ambapo serikali ilikuwa bado haijafika. Watu wa huko ni wakulima na wafugaji, wazoefu wa ukame, wagumu wa kuahidiwa, na wanaitambua serikali kwa kisima kilichotoa maji na kwa barabara inayopitika masika. Mbunge wa watu kama hao, akiwa tena mchumi wa Benki Kuu, alikuwa na kila sababu ya kuwa jicho kali juu ya Hazina: mtu awezaye kukifungua kitabu cha bajeti, akasoma jedwali baada ya jedwali, akamwuliza Waziri fedha iliyotengwa kwa ajili ya maji ya Ndago au ya Kinampanda imetoka lini, imepita wapi, na imefika kiasi gani.

Hebu tuifuate safari yake katika muhula ule mmoja. Aprili 2011, miezi mitano baada ya kiapo na kabla hajakaa katika mkutano wa bajeti hata mmoja, chama kilipojipanga upya katika lile tukio ambalo watu waliliita kujivua gamba, aliingizwa katika Sekretarieti akiwa Katibu wa Uchumi na Fedha. Oktoba mwaka huo ulipofanyika uchaguzi mdogo wa Igunga, ng'ambo tu ya Wembere, yeye ndiye aliyeratibu kampeni za chama chake, na chama kikashinda. Aprili 2012 aliratibu tena kule Arumeru Mashariki, na safari hii kiti kikachukuliwa na Joshua Nassari wa CHADEMA. Novemba 2012 alifanywa Naibu Katibu Mkuu wa CCM upande wa Bara, akikipokea cheo hicho kutoka kwa mwana Singida mwenzake, Kapteni John Chiligati, mbunge wa Manyoni Mashariki. Januari 2014, baada ya kufariki kwa Waziri wa Fedha, Dakta William Mgimwa, aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Fedha, na katika mabadiliko yale yale Lazaro Nyalandu wa Singida Kaskazini akapewa Wizara ya Maliasili na Utalii. Mwaka 2015, muhula ukiwa haujaisha, alikuwa mmoja wa makada waliochukua fomu kuomba chama kiwateue kugombea urais.

Nimeyaandika haya bila ya kijicho. Kupanda kwake kulikuwa kwa kasi, na mtu hapandi hivyo bila ya kipaji, bidii na uthubutu, mambo ambayo hata wapinzani wake hawakumnyima. Lakini msomaji na azitazame tarehe zenyewe, kisha atafute ni lini, katika miezi ile 60, mbunge huyu alipata kuwa mbunge tu, asiye na cheo cha chama wala cha serikali, ambaye kazi yake yote ni kuisimamia Serikali kwa niaba ya watu wa Kiomboi na Shelui. Ataipata ile miezi mitano ya kwanza. Muda wote uliobaki alikuwa mtumishi wa chama kinachounda Serikali, kisha mtumishi wa Serikali yenyewe. Mkulima wa vitunguu wa Singida hapeleki kitunguu ghalani siku ile akingoayo. Hukitandaza kivulini hata shingo yake inyauke na ganda likauke, kwa kuwa anajua kwamba kisiponyauka kitaoza kikiwa kizuri hivyo hivyo. Chama chetu tawala, na Katiba yetu, huwapeleka vijana ghalani wabichi.

Wasomaji waliosoma historia ya Uingereza watamkumbuka Edmund Burke, ambaye ulimwengu umemfanya baba wa fikra za kihafidhina ingawa yeye hakuwa wa chama cha Tory. Aliingia Bungeni mwishoni mwa mwaka 1765 kwa kiti cha Wendover, na miaka yake ya kwanza mingi aliitumia akiwa nje ya Serikali, akijenga hoja ambayo wahafidhina wetu wangefaidika kuisoma: kwamba hatari kubwa kwa utaratibu wa kale wa nchi yake ilitoka kwa Mfalme na wapambe wake, waliokuwa wakiwavuta wabunge kwa vyeo na posho hata Bunge likapoteza uwezo wa kusema hapana. Kijitabu chake cha mwaka 1770 juu ya manung'uniko ya zama zake kilikuwa utetezi wa Bunge dhidi ya kununuliwa. Mwaka 1774 aliwaambia wapiga kura wa Bristol ya kuwa mbunge anawiwa nao si bidii yake tu bali na hukumu yake, naye huwasaliti akiitoa hukumu hiyo kafara kwa rai yao. Nao mwaka 1780 walimgeuka, akajitoa katika uchaguzi. Yaliyomtia hofu katika Mapinduzi ya Ufaransa, yale yaliyomfanya akumbukwe, yalikuja baadaye sana, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kukaa Bungeni. Uhafidhina wake ulianza kwa kuilinda nyumba ya Bunge, ndipo ukaenda kuulinda ulimwengu. Napata shida kuamini kwamba mtu anaweza kuianza kazi hiyo kutoka upande wa pili.

Nyumba yetu ya Dodoma nayo ililindwa katika miaka ile, na walioilinda hawakuwa aghalabu wale waliotarajiwa. Mbunge wa Singida Mashariki, aliyekuwa Mnadhimu wa Kambi ya Upinzani na msemaji wake kwa mambo ya Katiba na Sheria, aliingia ukumbini na Kanuni za Kudumu mkononi. Aliyezifuatilia siku zile kwa redio ataukumbuka mwenendo: Waziri yuko katikati ya hoja, sauti inapaa kutoka upande wa upinzani ikiomba mwongozo wa Spika kwa mujibu wa kanuni ya 68, fasili ya saba, na Spika Anne Makinda, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti kile, anamtaka aketi au anampa nafasi aseme. Wapo waliokereka, wakamwita mkorofi. Mimi nilivyomsikia, mara nyingi alikuwa akifanya kazi ya kihafidhina kabisa: kudai ya kuwa jambo lililoandikwa lifuatwe, ya kuwa muswada ujadiliwe kwa utaratibu wake, ya kuwa Serikali isiburuze chombo ambacho Katiba, katika ibara ya 63, imekipa madaraka ya kuisimamia. Muswada wa Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ulipoletwa Novemba 2011, yeye na wenzake waliupinga, wakatoka ukumbini. Ukapita bila ya wao. Baadaye viongozi wa chama chao walikwenda Ikulu wakakaa na Rais Jakaya Kikwete, na mwaka uliofuata sheria hiyo ikarekebishwa. Hapo mwenye kulaumiwa kwa ukorofi alikuwa ameacha kitu katika daftari la sheria za nchi.

Lakini mlinzi wa nyumba hakuhitaji kuwa mpinzani, na ushahidi wangu ni mwezi wa Aprili mwaka 2012. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimefunua matumizi yaliyowaudhi wabunge wa pande zote, na Zitto Kabwe wa CHADEMA akaanza kukusanya saini za kuleta hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, Mizengo Pinda. Katiba, katika ibara ya 53A, inataka saini zisizopungua asilimia 20 ya wabunge wote. Miongoni mwa waliotia saini alikuwamo marehemu Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa kwa tiketi ya CCM, naye kama Mwigulu alikuwa katika muhula wake wa kwanza. Hoja haikufika kupigiwa kura, lakini mwezi wa Mei Rais alilipanga upya Baraza la Mawaziri, na mawaziri kadhaa, wa Fedha akiwa mmojawapo, wakaachwa nje. Filikunjombe hakuwa mwanamapinduzi. Alikuwa mtu wa chama, mwana wa Ludewa aliyeona kwamba fedha ya umma ni amana, na kwamba chama kinachopenda kudumu ni sharti kiwe cha kwanza kumwuliza mlinzi wa amana hiyo. Mhafidhina wa namna hiyo namwonea fahari, nami nasikitika kwamba alifariki katika ajali ya helikopta Oktoba 2015, kampeni za kuurudia ubunge wake zikiwa zinaendelea.

Desturi iliyozoeleka bungeni ni nyingine. Mbunge wa chama tawala husimama, humshukuru Mwenyezi Mungu, humpongeza Rais, humpongeza Waziri na Naibu wake na wataalamu wao, kisha hutamka kwamba anaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Ndipo, kengele ya kwanza ikiwa imekwisha kulia, huanza kulalamika kwamba jimboni kwake hakuna maji, zahanati haina dawa na barabara imekatika, hata kengele ya pili imkute katikati ya sentensi. Ameitoa kura yake kabla ya kuitaja haja yake, na Waziri aliyeipokea hana sababu ya kuikumbuka haja. Desturi hii hupita ikiitwa adabu, na adabu kwa mhafidhina ni jambo kubwa. Walakini babu zetu walioketi barazani na watemi wao hawakulianza shauri kwa kulikubali. Walilisikiliza, wakalichambua, na ndio waliyoitoa mwishoni ilikuwa na uzito kwa kuwa hapana ingaliweza kutoka.

Sababu ya yote haya si udhaifu wa tabia ya mtu mmoja, na nisingependa msomaji aondoke na dhana hiyo. Ibara ya 55 inamwamuru Rais kuwateua mawaziri na naibu mawaziri kutoka miongoni mwa wabunge, basi kila mbunge wa chama tawala, tangu usiku wa kiapo, ni mteuliwa mtarajiwa. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likiikataa bajeti yake, na ibara ya 99 inalizuia Bunge kushughulikia jambo la kutoza kodi au kutumia fedha za umma ila kwa pendekezo la Rais lililowasilishwa na Waziri. Ukijumlisha na ibara ya 71 inayomfunga mbunge kwenye kadi yake ya chama, utaona mbunge kijana mwenye kipaji amewekwa mahali ambapo kila mlango wa mbele uko upande wa Serikali, na mlango wa nyuma hutokea nje kabisa. Mwigulu Nchemba aliingia kwa mlango uliokuwa wazi. Wengi wetu tungeuingia.

Ndiyo maana naona kwamba wahafidhina wa nchi hii waliikosa fursa kubwa mwaka 2014. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba, katika rasimu yake ya pili iliyotolewa mwisho wa Desemba 2013, ilipendekeza mengi, na Bunge Maalumu la Katiba lote likamaliza pumzi juu ya jambo moja, muundo wa serikali tatu. CCM ilisimama na serikali mbili, naye Mwigulu, akiwa wakati ule mmoja wa viongozi wake wa juu, akasimama nayo. Huo ulikuwa msimamo halali, wenye hoja zake juu ya uhai wa Muungano, nami siubezi. Lakini ndani ya rasimu ile lilikuwamo pendekezo kwamba mawaziri wasiwe wabunge, pendekezo ambalo lisingeugusa Muungano hata kwa unywele, na ambalo lingelirudishia Bunge watu wake. Kenya ilikwisha kulifanya hilo katika Katiba yake ya mwaka 2010. Mhafidhina aliyetaka kulinda vyombo vya nchi angeweza kuukataa muundo wa serikali tatu kwa mkono mmoja na kuipokea hifadhi hii ya Bunge kwa mkono wa pili. Sauti ya namna hiyo haikutoka kwa nguvu upande wa wengi. UKAWA, umoja wa wapinzani katika Bunge lile, walitoka ukumbini Aprili 2014, waliobaki wakaipitisha Katiba Inayopendekezwa tarehe 2 Oktoba, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa. Haijapigwa mpaka leo.

Nimepata kujibiwa ya kuwa Uingereza nako mawaziri hutoka Bungeni, na nchi haikuharibika. Ni kweli. Lakini huko mbunge akifukuzwa chama habanduki kitini. Winston Churchill aliingia mwaka 1900 akiwa wa chama cha Conservative, mwaka 1904 akahamia kwa Liberal, na kiti chake cha Oldham akakaa nacho mpaka uchaguzi uliofuata, wapiga kura wakiwa ndio wenye hukumu. Kwetu Lazaro Nyalandu, baada ya miaka 17 ya kuiwakilisha Singida Kaskazini, alipoona Oktoba 2017 kwamba hakubaliani tena na mwenendo wa chama chake, hakuwa na njia ila kuuacha ubunge wenyewe. Alikwenda CHADEMA, na mwaka 2021 akarudi CCM. Wapo waliomcheka kwenda na kurudi. Mimi nawasikitikia wapiga kura wa Ilongero, ambao katika shauri lile hawakuulizwa neno.

Mohamed Dewji wa Singida Mjini ni mfano wa namna nyingine. Alikaa miaka 10, tangu 2005 hadi 2015, hakuwa waziri, kisha akaamua kutogombea tena. Tajiri anaweza kuketi bila ya kungojea uteuzi, maana riziki yake haitoki kwa mteuzi. Taifa haliwezi kuujenga uhuru wa Bunge juu ya mali ya mtu mmoja mmoja.

Na yote haya yanamhusu nani? Yanamhusu mkulima wa alizeti. Msimu wa mavuno ukifika, mashine za kukamua za Singida huunguruma mchana kutwa, mashudu yakirundikwa upande mmoja na madumu ya mafuta yakipangwa barabarani upande wa pili, na bei ya gunia hutegemea sana jambo liamuliwalo mbali, nalo ni ushuru utozwao mafuta ya mawese yaingiayo kutoka nje. Ushuru ukishuka, mafuta ya nje huwa rahisi, na gunia la alizeti hulala uani. Jambo hili hurudi katika bajeti mwaka baada ya mwaka, na huamuliwa na Serikali yenye sababu zake, kwa kuwa mlaji wa Dar es Salaam naye ana haki ya mafuta ya bei nafuu. Lakini mkulima anahitaji mtu mmoja mle ndani ambaye kazi yake haitamlazimu kuitetea sababu ile. Ikiwa mbunge wake ndiye Naibu Waziri wa Fedha, au ndiye Naibu Katibu Mkuu wa chama kinachoipitisha bajeti, huyo mtu hayupo. Iramba ilipata heshima ya kutoa mkubwa wa nchi, nami kama mtu wa mkoa huu naifurahia. Katika kiti cha kuuliza, hata hivyo, haikuwa na mtu.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba muhula ule wa kwanza ulikuwa na mafanikio kwa mwenyewe na kwa chama chake, na kwamba Bunge halikupata fungu lake. Mhafidhina mwenye elimu ya uchumi, ulimi mwepesi na ujasiri wa kusimama peke yake angalikuwa johari katika Kamati ya Hesabu za Serikali kwa miaka 10, akijifunza nchi kwa hesabu zake kabla ya kukabidhiwa.

Leo Mheshimiwa Mwigulu Nchemba, kwa mujibu wa ibara ya 52, ndiye kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni, na mbele yake wamekaa wabunge vijana wa chama chake walioapishwa juzi, kila mmoja akiwa na jimbo lenye kisima kibovu na barabara iliyokatika. Namwomba, kwa taadhima, awaache waulize. Asiwahesabie utovu wa nidhamu pale watakapoipinga hoja ya Waziri kwa takwimu, wala asiwaharakishe kwenye vyeo. Na Katiba mpya itakaporejeshwa mezani, alisimamie yeye mwenyewe lile pendekezo la Tume ya Warioba kwamba mawaziri wasitoke miongoni mwa wabunge. Nanyi ndugu zangu wa Singida, Taarifa Rasmi za Bunge huchapishwa na yeyote anaweza kuzisoma: mgombea ajapo kuomba muhula wa pili, mleteeni aliyoyasema katika muhula wa kwanza, mumwulize ni lini alisema hapana, na kwa sababu gani.